Sindano Haikuwa na Kosa

Nilimsingizia shangazi yangu. Mfarishi wa wanyama tulioutengeneza pamoja, mimi nikichora na yeye akishona, uliharibika mikononi mwa mteja, na mteja aliponiuliza sababu nikamjibu kwamba mshono ulikuwa mbaya. Mshono haukuwa na kasoro. Kilichoiharibu kazi ile ni rangi niliyoichagua mimi na masharti niliyoyaweka mimi, tena baada ya kuonywa na shangazi mwenyewe. Maneno yangu yalitoka kwa mteja yakafika kwa wateja wengine, na mwanamke aliyeshika sindano tangu utotoni akaanza kukosa kazi hapa Tanga kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nayaandika haya hadharani kwa kuwa niliyoyasema hayakubaki faraghani. Tuliopitia chuo cha Kurani tulifundishwa mapema kwamba madhambi kati ya mtu na Mola wake yana mlango wake wa toba, lakini haki ya mja hailipwi kwa istighfari peke yake. Ukimdhulumu mtu, mrudishie chake, kisha umtake radhi. Chake shangazi kilikuwa jina zuri katika ufundi wake, na jina halirudishwi kwa kunong'ona. Nitaeleza na mambo ya ufundi pia, kwani uongo wangu ulikubalika kirahisi kwa sababu msikilizaji hakujua mfarishi wa namna ile unavyotengenezwa wala unavyoharibika.

Mteja alikuwa na nyumba ya wageni ufukweni, njia ya Pangani. Alitaka pambo kubwa la ukutani lenye wanyama wa kufurahisha macho, ila lisiwe picha kama zile zinazotundikwa katika kila duka la watalii. Nikamwahidi mfarishi wa tabaka tatu: juu amerikani yenye michoro, katikati sufi, chini bitana ya kanga, zote zishonwe pamoja hadi wanyama wainuke juu ya kitambaa na mtu akipitisha kiganja ahisi migongo yao. Wazo hilo lilikuwa langu, na hadi leo nalipenda.

Nilitaka wanyama wawe wa kwetu. Kinyonga dume wa Usambara, yule mwenye pembe tatu, nilimpa mwavuli, maana milima yake haikauki mvua. Mbega, mwenye joho lake jeusi na jeupe, nilimketisha barazani na kikombe cha kahawa. Popo wa mapango ya Amboni walining'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kaa walipanda baiskeli, kwani Tanga bila baiskeli si Tanga. Ndovu wa Saadani alikanyaga mawimbi akiwa amepandisha suruali, na komba alilala chini ya mnazi, buyu la tembo ubavuni.

Katikati nilimweka silikanti. Samaki huyu dunia iliamini ametoweka miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, naye Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, akang'amua kwamba mbele yake hakuna samaki wa kawaida. Hapa Tanga alianza kunaswa kwenye majarife ya vilindini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Ni wa buluu iliyokoza, ana madoa meupe ambayo kila mmoja ana yake, hata watafiti huwatambua kwayo, na mapezi yake yana mashina ya nyama anayoyasogeza kwa kupokezana mithili ya atembeaye. Nami nikamtembeza kweli: nikampa kikapu cha ukindu, akawa anatoka baharini kwenda sokoni. Madoa yake nilitaka yaonekane kutoka mlangoni.

Uchoraji wangu, kama wa wachoraji wengi wa nchi hii, unatoka kwa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita mkoani kwetu kama kibarua wa mashamba ya mkonge kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli na milango, juu ya mbao nyembamba za dari. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Rangi yake ilifaa kwa kazi yake, kwani ubao haukunjiki. Hata waliomfuata walipohamia kwenye amerikani, kitambaa walikiwamba kwenye fremu kikakaza kama ngoma. Rangi ya mafuta hukauka ikawa utando mgumu unaong'aa. Hukaa juu ya nyuzi, haizami ndani yake. Kitambaa kikibaki kimewambwa, utando ule hudumu. Mimi niliichukua rangi ya ubao nikaipeleka kwenye kitu cha kujazwa, kutobolewa na kukunjwa.

Shangazi yangu anaishi Makorora, hapa Tanga. Ameshona kofia za viua, mito ya sufi ya maharusi, na mifarishi ya viraka vya kanga zilizochakaa ambayo sisi watoto wa ukoo tulijifunika kwayo wakati wa kipupwe. Kabla sijagusa brashi nilikwenda kumweleza wazo langu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Tushone kwanza," alisema, "kisha utachora juu yake. Au chora kwanza, lakini kwa rangi inayonywewa na kitambaa, kama ya batiki."

Nilimjibu kwamba mistari yangu hainyooki juu ya kitu chenye mabonde, na kwamba rangi nyepesi haing'ai.

"Haya. Na sufi? Sufi inateleza, mwanangu. Pamba hushikana, sufi haishikani. Ukiiachia nafasi inakimbilia chini. Nitashona vidole vinne kwa vinne, mfarishi mzima."

"Mistari itawakata wanyama, shangazi. Wazungushie pembezoni tu."

"Huyo samaki wako mkubwa vile, nimwache tumbo wazi?"

"Mwache."

Alikuwa anazungumza jambo la kweli kabisa. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na nta juu, ndiyo maana haunywi maji na ndiyo maana zamani sufi ilijazwa katika majaketi ya kuokolea mabaharia. Ulaini huohuo unaoufanya mto uwe mwororo ndio unaoufanya ujazo uteleze. Mto huo ukibonyea utaupiga makofi ukae sawa. Pambo la ukutani hakuna wa kulipiga makofi.

Nilipompelekea amerikani iliyokwisha kuchorwa, alikunja pembe yake moja karibu na sikio. Rangi ikalia.

"Hii iache kwenye fremu iwe picha," alisema. "Tununue amerikani nyingine, tuanze upya."

Malipo ya awali nilikuwa nimekwisha kuyatumia, na siku ya kukabidhi ilikaribia. Nikamwambia ashone hivyohivyo. Alinitazama, akavaa subana, akaanza kupiga bandi.

Jioni moja nilikaa karibu yake nikaona mwenyewe. Sindano ikipita katika amerikani tupu, nyuzi hujisogeza, kisha hurudi kuukumbatia uzi, tundu lisionekane. Katika rangi yangu tundu lilibaki wazi, na kutoka tundu moja kuelekea la pili ulianza ufa mwembamba. Madoa ya silikanti nilikuwa nimeyarundikia rangi ili yang'ae. Sindano ilipogusa doa la ukingoni, doa zima lilibanduka likaanguka mapajani mwa shangazi. Hakusema neno. Yaliyobanduka yote aliyaokota moja moja akayaweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, na kazi ilipokwisha akanikabidhi mfarishi pamoja na kifuniko kile. Nilitafuta gundi na brashi, nikayabandika, nikaziba na matundu. Basi siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijua kabla kazi haijatoka mikononi mwangu.

Mfarishi ulitundikwa, ukasifiwa, nikalipwa. Yakaja masika na joto lake la unyevu. Ukuta ulipotaka kupakwa chokaa, mfarishi ulikunjwa ukawekwa kabatini, na ulipofunguliwa, rangi iliyolaliana uso kwa uso ilikuwa imegandana, ikabanduka vipande vipande. Uliporudishwa ukutani, sufi ya silikanti ilikuwa imeshuka yote; kichwani pakawa patupu, chini pakavimba. Mteja alinipigia simu. Hakufoka. Aliuliza kwa upole kumetokea nini.

"Fundi aliyeshona alivuta uzi kupita kiasi," nilimwambia. "Ndiyo maana kitambaa kimejikunja na rangi imepasuka."

Ulikuwa uongo wenye sura ya elimu, kwa hiyo aliuamini. Mteja huyo alikuwa amekusudia kumpa shangazi kazi ya mito na vifuniko vya viti vya nyumba nzima. Kazi ile akampa mtu mwingine. Mwenzake mwenye hoteli alipomwuliza habari za washonaji, akamtahadharisha kuhusu fundi wa Makorora anayevuta uzi. Nilisikia hayo kwa masikio yangu, nikanyamaza. Shangazi akawa ananiambia kwamba siku hizi kazi imekuwa haba, nami namjibu kwamba biashara imekuwa ngumu kwa kila mtu. Methali yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe.

Nimejichunguza sana kuhusu urahisi ule wa kusema neno "fundi". Woga wa kudaiwa fedha ulikuwepo. Chini yake, hata hivyo, palikuwa na jambo baya zaidi: niliamini kwamba kazi ni ya mchoraji, na mshonaji ni wa kulipwa ujira na kusahauliwa. Jina langu nililiandika kwa rangi nyeupe pembeni mwa kitambaa. La shangazi halikuwa popote, na mtu asiyetajwa wakati wa sifa ni rahisi kumtwisha lawama, kwa kuwa hayupo pale kujibu.

Kuna mwanamke anayenisuta kwa imani hiyo. Harriet Powers alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya utumwa kukomeshwa alishona mifarishi ya visa vya Biblia na ya maajabu ya mbinguni, imejaa watu, ndege, nyoka na wanyama, kila mmoja amekatwa kwenye kitambaa na kushonewa juu ya kingine. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona mmoja kwenye maonyesho mwaka 1886 akataka kuununua. Powers akakataa. Shida zilipombana miaka iliyofuata, aliutakia dola 10, akapewa 5, akaueleza kisa kwa kisa, na mnunuzi akayaandika maelezo yake. Baadaye alikuwa akirudi kuuangalia. Leo mfarishi huo uko Smithsonian mjini Washington, na mwingine wake uko makumbusho ya sanaa ya Boston. Katika kazi zile huwezi kusema picha inaishia hapa na mshono unaanzia pale. Sindano ndiyo iliyochora. Nikiutazama mfarishi wetu kwa jicho hilo, mgongo wa kinyonga uliokuwa ukiinuka chini ya kiganja, kitu ambacho wageni wa mteja walikisifu kuliko vyote, haukuchorwa na brashi yangu. Ulitoka kwenye sindano ya shangazi.

Mteja aliurudisha mfarishi. Niliuweka uvunguni, nikakwepa kuutazama, hadi siku nilipoamua kuufumua kutoka nyuma. Bitana ya kanga ilikuwa safi. Mishono ilikuwa midogo, sawasawa, imelala bila kukazwa. Hakuna mahali uzi ulikuwa umekata kitambaa wala umekusanya mikunjo. Pembezoni mwa kaa na popo, ambako wanyama ni wadogo na mistari imekaribiana, sufi ilikuwa bado imelala palepale ilipowekwa. Tumboni mwa silikanti, eneo ambalo mimi nilikataza lisishonwe, ilikuwa imejiviringa mabonge. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu, na kila kipande chake kilimtetea yeye.

Siku zilezile niliziona picha za mifarishi ya Wasiddi wa Karnataka, huko India, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakivushwa bahari kama watumwa. Wanawake wa Kisiddi huunganisha viraka vya nguo kuukuu wakianzia pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, kwa mishono ya mkono iliyokaribiana mno, mpaka tabaka zote ziwe kitu kimoja. Kwenye pembe hutia kiua cha viraka vilivyokunjwa, wanachokiita phula, na mfarishi usio nacho huhesabiwa kuwa uko uchi. Nilichokiona kwanza katika picha zile ni mistari: haikukata chochote, haikuficha rangi yoyote. Mistari yenyewe ndiyo uzuri. Shangazi alitaka kunipa hivyo tangu mwanzo, nami nikamzuia.

Nikaenda Makorora. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye mkeka na nikasema kila kitu kwa mpangilio: rangi, madoa, gundi, simu ya mteja, mito aliyonyimwa. Nilimtaka radhi. Alikasirika. Aliniuliza kama nilipokuwa nikimjibu kuhusu ugumu wa biashara nilikuwa nikimtazama usoni, nikakiri kwamba ndiyo. Alinyamaza kwa muda.

"Radhi yangu unayo," alisema hatimaye. "Lakini haya umeyasema kwangu. Yale uliyasema kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Na mteja?"

"Kwa wenzake."

"Basi nenda kote huko."

Kwa mteja nilikwenda mwenyewe, nikampelekea na fedha ya uchoraji wangu. Alinishukuru kwa kumwambia ukweli, ila kazi ya mito ilikwisha kushonwa na mwingine, na haitarudi. Hasara hiyo nimekubaliana na shangazi namna ya kuilipa, naendelea kuilipa, na hainipi haki ya kujiona nimemaliza. Kwa wenzake nimekwenda kwa wale niliowafahamu. Nisiowafahamu ndio walionifanya niandike.

Kwa anayetaka kutengeneza kazi kama ile, haya ndiyo niliyopaswa kuyafuata. Fua amerikani kabla ya kuichora, itoe wanga na isinyae mapema, isije kusinyaa ikiwa imekwisha kushonwa. Tumia rangi ya kitambaa inayochanganywa na maji, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na ikikauka ipige pasi kwa nyuma ishike. Unapotaka mng'ao, utafute kwenye rangi iliyokoza iliyo kando ya iliyofifia, usiutafute kwenye unene. Ukitumia sufi, itie kwanza kati ya vitambaa viwili vyepesi, upige bandi, halafu ushone vidole vinne kwa vinne bila kumruka mnyama yeyote. Acha mshono uwe magamba ya samaki, manyoya ya ndege, mikunjo ya ngozi ya ndovu. Usikunje, viringisha, uso wenye rangi ukiwa nje. Na kabla ya yote hayo kaa na mshonaji wako mpange pamoja wanyama watakaa wapi, kwa kuwa anaona mbele kitu ambacho mchoraji hukiona kikishaharibika.

Sasa tunatengeneza mfarishi mwingine, shangazi na mimi, bila kuagizwa na mtu. Silikanti yumo. Madoa yake safari hii ni vipande vya popolini nyeupe alivyovikata na kuvishona shangazi, na mistari inampita tumboni kutoka kichwa hadi mkia. Nyuma, kwenye bitana, yatakuwepo majina mawili, la kwake likitangulia.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye Tanga, Muheza, Pangani au popote neno lile lilikofika. Ikiwa ulisikia kwamba kuna mshonaji wa Makorora anayevuta uzi na kuharibu kazi za watu, jua kwamba neno hilo nililitunga mimi ili kujificha. Mshono wake nimeufumua kwa mkono wangu na haukuwa na kosa. Huko ulikolipeleka neno lile, tafadhali lipeleke na hili.